Darubini Kiongozi: Namna ya Kuichagua na Kuitumia

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Wasomaji wengi wa gazeti letu wamekwisha kuziona picha mbili za mbinguni zilizobandikwa ukutani nje ya maktaba. Ile ya Mwezi imesifiwa na kila mtu. Lakini ile ya pili, ya nyota za Jabari, kundi ambalo vitabu vya Kizungu huliita Orion, imeleta maswali. Siku ya mkutano wa wazazi mzee mmoja aliitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa nini nyota zake si vitone bali ni vistari, kama punje za mchele zilizolala upande mmoja. Swali hilo ni la haki, na katika makala hii nitajaribu kulijibu.

Liko jambo jingine pia linalonifanya niandike sasa. Chama chetu cha Sayansi kina fedha iliyochangwa na wazazi hao hao, nayo yatosha kununua kitu kimoja tu. Kabla ya kufunga shule wanachama watapiga kura. Wako wanaotaka darubini kubwa zaidi. Wako wanaosema tusinunue kitu chochote, bali tupige picha fupi fupi nyingi na kuziunganisha kwa kompyuta. Na wako wanaotaka kile kiitwacho darubini kiongozi, nami ni mmoja wao. Sisi wa Kidato cha Nne tutafanya mtihani mwezi wa Novemba na kuondoka. Watakaobaki na chombo ni wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza hadi cha Tatu. Yafaa wajue wanachokipigia kura, na wakikipata wajue kukitumia, maana chombo kisichojulikana matumizi yake hukaa kabatini mpaka kikaota kutu.

Tuanze na mwendo wa dunia. Dunia yetu hujizungusha mara moja katika saa 23, dakika 56 na sekunde 4. Mtu atasema: mbona tumefundishwa saa 24? Saa 24 ni kwa kulitazama jua. Ukizitazama nyota, mzunguko mmoja hupungua karibu dakika 4, kwa sababu dunia nayo yasogea katika njia yake ya kulizunguka jua. Katika muda huo nyota huonekana kuzunguka digrii 360. Kila digrii twaigawa dakika 60, na kila dakika sekunde 60. Hizi si dakika na sekunde za saa ya ukutani, ni za pembe. Ukifanya hesabu utaona kwamba nyota iliyo juu ya Ikweta ya mbingu husogea sekunde za pembe 15 na kidogo kwa kila sekunde moja ya saa. Mwezi una upana wa karibu nusu digrii, yaani sekunde za pembe 1,800 hivi. Kwa hiyo mbingu husogea upana wa Mwezi mzima kwa dakika 2 tu. Jicho haliutambui mwendo huo, lakini kamera iliyofungwa kwenye darubini huutambua mara moja.

Sasa tupime kamera yetu. Ndani ya kamera ya siku hizi hamna filamu. Mna kibamba chenye mamilioni ya vyumba vidogo sana vya kupokea nuru, viitwavyo pikseli. Katika kamera ya Chama kila pikseli ina upana wa maikroni 4.3, na maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Darubini yetu ni ya kioo, na urefu wake wa fokasi ni milimita 750. Kujua pikseli moja yafunika kiasi gani cha mbingu, chukua 206, zidisha kwa upana wa pikseli kwa maikroni, kisha gawanya kwa urefu wa fokasi kwa milimita. Hiyo 206 haikuokotwa njiani. Radiani moja ina sekunde za pembe 206,265, kama awezavyo kuhakikisha mwanafunzi yeyote kwa kugawa 180 kwa pai na kuzidisha kwa 3,600. Sufuri tatu zimeondoka kwa sababu maikroni ni elfu ya milimita. Jawabu letu ni sekunde za pembe 1.2, au karibu hapo. Basi darubini ikisimama tuli, nyota ya Jabari huvuka pikseli 12 au 13 kwa sekunde moja. Picha ya Mwezi haikuharibika kwa sababu ilichukua muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Lakini lile wingu la gesi lililo chini ya mshipi wa Jabari ni hafifu, na nuru yake imesafiri miaka zaidi ya 1,300 kabla ya kutufikia. Kuipata sharti tuiache kamera wazi kwa dakika kadhaa.

Ili kuzifuata nyota, darubini hukalishwa juu ya chombo cha chuma chenye mhimili uliolingana na mhimili wa dunia. Hapa shuleni twakiita kitako. Mota ndogo hukizungusha kwa mwendo ule ule wa dunia lakini kwa kurudi nyuma, hivyo darubini hubaki imeikazia macho nyota ile ile. Ndivyo ilivyo kwa maneno. Kwa vitendo, mota huzungusha parafujo, na parafujo husukuma gurudumu lenye meno. Hakuna fundi duniani awezaye kuchonga parafujo isiyo na kombo hata kidogo. Kitako chenye gurudumu la meno 180 huzungusha parafujo yake mara moja kwa kila dakika 8, na katika dakika hizo 8 darubini hutangulia kidogo, kisha huchelewa kidogo, kisha hutangulia tena, kama mtu anayetembea na kiatu chenye kisigino kilicholika upande mmoja. Katika vitako vya bei nafuu kombo la sekunde za pembe 20 au 30 si ajabu. Kwetu hizo ni pikseli 17 mpaka 25. Mzee wetu sasa amepata jibu lake: vistari alivyoviona ni kombo la parafujo, na pengine na mhimili uliokuwa haujalingana barabara.

Darubini kiongozi ndiyo dawa ya kombo hilo. Ni darubini ndogo ya pili, iliyofungwa mgongoni mwa ile kubwa, ikitazama upande ule ule. Kazi yake si kupiga picha ya kupendeza. Kazi yake ni kuishika nyota moja na kutoa taarifa kila inapoponyoka. Kamera ndogo iliyo nyuma yake hupiga picha ya nyota hiyo kila baada ya sekunde 2 au 3. Kompyuta hutazama ikiwa nyota imesogea, na ikiona imesogea hukiamuru kitako kirudi. Wakati huo wote kamera kubwa iko wazi, yakusanya nuru bila kujua kinachoendelea.

Jambo hili ni la zamani kuliko kompyuta, na sehemu yake moja kubwa ilifanyika katika bara letu. Henry Draper wa Marekani alilipiga picha wingu la Jabari mwaka 1880. Miaka miwili baadaye, mwaka 1882, nyota kubwa yenye mkia ilionekana, ikang'aa hata mchana. David Gill, aliyekuwa mkuu wa kituo cha kutazamia nyota huko Cape of Good Hope, Afrika ya Kusini, alitaka kuipiga picha. Hakuwa na chombo cha kazi hiyo. Aliomba msaada wa mpiga picha wa mtaani, wakafunga kamera ya kupigia watu picha juu ya darubini ya kituo, naye Gill akaitumia darubini kubwa kuongozea kamera ndogo, kinyume cha sisi tunavyofanya. Waliacha kamera wazi saa nzima na zaidi. Picha ilipotoka, nyuma ya mkia zilionekana nyota nyingi mno, hata Gill akaona kwamba mbingu nzima yaweza kuchorwa kwa njia hiyo. Mwaka 1887 wataalamu wa nchi mbalimbali walikutana Paris, wakakubaliana kuigawa mbingu na kuipiga picha yote kwa darubini za namna moja, zenye urefu wa fokasi wa mita 3.43. Kila moja ya darubini hizo ilikuwa na pacha wake wa kuongozea. Ukitumia kanuni yetu ya 206 utaona kwa nini walichagua urefu huo: milimita moja ya kioo cha picha ilikuwa dakika moja ya pembe kamili.

Siku hizo kompyuta ilikuwa jicho la mtu. Mtazamaji aliketi katika baridi, jicho limebandikwa kwenye darubini kiongozi yenye nyuzi mbili zilizopandana, mkono ukiwa juu ya skrubu. Nyota ikitoka penye nyuzi, aliirudisha. Edward Emerson Barnard alifanya kazi hiyo kwa saa nyingi katika Marekani, akapata picha za Njia ya Maziwa ambazo hata leo hutazamwa. Milton Humason, aliyeacha shule akiwa na miaka 14 na kuendesha nyumbu waliopeleka mizigo mlimani Mount Wilson, alipanda cheo mpaka akawa mtu wa kuongoza darubini ya mita 2.5 usiku kucha, na hesabu zake zikasaidia kuonyesha kwamba ulimwengu unapanuka. Nawaambia hayo wale wa Kidato cha Kwanza wanaonung'unika kwamba zamu ya saa mbili ni ndefu.

Sasa tuingie katika uchaguzi, maana hapa ndipo penye ubishi. Zamani, jicho lilipokuwa likiongoza, ilisemwa kwamba darubini kiongozi iwe na urefu wa fokasi sawa na ile kubwa, au zaidi. Wengine bado huishika kanuni hiyo, nao ndio wanaotutaka tununue darubini ya upana wa milimita 80 yenye fokasi ya 400. Lakini kompyuta haioni kama jicho. Nuru ya nyota huenea juu ya pikseli kadhaa, na programu hupima kila pikseli imepokea kiasi gani, kisha hutafuta kitovu cha nuru hiyo, kama vile tunavyotafuta kitovu cha uzito katika Fizikia. Kwa njia hiyo hutambua mwendo wa sehemu ya kumi ya pikseli moja. Basi darubini fupi yatosha, almuradi isiwe fupi kupita kiasi.

Fupi kupita kiasi ni ipi? Tuchukue kamera ya kuongozea yenye pikseli za maikroni 3.75, ambayo ni ya kawaida. Nyuma ya darubini ya fokasi ya milimita 120, pikseli moja hufunika sekunde za pembe 6.4. Nyuma ya fokasi ya 200 hufunika 3.9, na nyuma ya fokasi ya 400 hufunika 1.9. Sehemu ya kumi ya hizo ni 0.64, 0.39 na 0.19. Picha yetu yahitaji kosa lililo chini ya nusu ya pikseli ya kamera kubwa, yaani chini ya 0.6. Ile ya 120 imekwisha kuvuka mpaka, nayo yafaa kwa lenzi fupi za kupigia picha Njia ya Maziwa. Ile ya 400 ni sahihi kuliko haja, na faida yake humezwa na kutetemeka kwa hewa, tena ni nzito. Kitako chetu ni kidogo, na kila kilo tunayoiongeza mgongoni huichosha mota. Kwa hiyo naona ile ya kati ndiyo yetu: upana wa milimita 50, fokasi ya 200 hivi. Aliye na darubini nyingine asizichukue namba zangu. Achukue kanuni, apige hesabu zake.

Upana nao una kazi yake, maana ndio unaokusanya nuru. Kioo cha milimita 50 nyuma yake kukiwa na kamera nyepesi kuhisi, isiyo ya rangi, hakikosi nyota ya kuongozea karibu popote angani. Kamera isiwe ya rangi kwa sababu rangi hupatikana kwa kuweka vichujio vidogo juu ya pikseli, na vichujio hivyo hula nuru. Kibamba chenye pikseli 1,280 kwa 960 nyuma ya fokasi ya 200 huona eneo la digrii 1.4 kwa digrii 1, yaani kupita Mwezi mara mbili kila upande. Katika eneo hilo hazikosekani nyota.

Zaidi ya hayo, tazama vyuma kabla ya kutazama kioo. Wauzaji husifu lenzi, lakini lenzi ya kawaida yatosha kabisa kwa kazi hii. Kinachoharibu kazi ni kulegea. Hebu fikiri: darubini kiongozi ina urefu wa milimita 200 hivi. Ikiinama kwa sekunde za pembe 1.2 tu, ncha yake husogea kiasi cha elfu moja ya milimita, ambayo ni karibu sehemu ya mia ya unene wa karatasi. Kuinama huko kompyuta haikujui. Yenyewe itaishika nyota yake kwa uaminifu, huku darubini kubwa ikitazama kando, na picha itatoka na vistari ingawa mchoro wa kompyuta ni mzuri. Kwa hiyo sharti tuikatae darubini yenye shingo ya plastiki, au ile ambayo kamera hushikwa na skrubu moja. Pete ziwe mbili, za chuma, zilizoachana, nazo zifungwe juu ya bamba la chuma lililokazwa kwenye pete za darubini kubwa. Zamani pete zilikuwa na skrubu tatu tatu ili mtu aipinde darubini kutafuta nyota ing'aayo. Leo hatuna haja ya kuipinda, na skrubu hizo hazileti kitu ila kulegea. Waya za kamera nazo zifungwe kwa uzi. Waya unaoning'inia huvuta.

Katika darubini ndefu sana, kuanzia mita moja na nusu ya fokasi hivi, wenye ujuzi huacha kabisa darubini kiongozi, wakatumia kijioo kidogo cha kuiba nuru kidogo ndani ya darubini kubwa yenyewe. Hapo hakuna cha kuachana, maana ni jicho moja. Kwetu milimita 750 hazijafikia huko, na kijioo hicho kina shida ya kukosa nyota.

Kuhusu kutumia, kazi kubwa ni kabla ya giza. Mchana ilenge darubini kwenye kitu cha mbali sana, kama mnara wa simu ulio kilimani, ukapate fokasi ya kamera ndogo. Usiku utaisahihisha kidogo tu kwa nyota. Usijitaabishe nyota iwe kali kama sindano. Ikienea juu ya pikseli tatu nne kitovu chake hupatikana vizuri zaidi. Pia hakikisha mizigo imelingana pande zote za mhimili, halafu iache darubini iwe nzito kidogo sana upande wa mashariki, ili meno ya gurudumu yabaki yamegusana.

Kisha ni kulinganisha mhimili, na hapa sisi wa Afrika ya Mashariki tuna taabu ambayo vitabu vingi havitaji. Vitabu hivyo huandikwa na watu wa kaskazini wenye Nyota ya Kaskazini juu ya vichwa vyao. Dar es Salaam iko karibu digrii 7 kusini ya Ikweta, Arusha digrii 3 na kidogo, Nairobi digrii 1 na kidogo. Shule yetu iko digrii 6. Mhimili wetu basi hutazama kusini, ukiinuka digrii 6 tu juu ya upeo wa macho, mahali penye vumbi, moshi na miti ya watu, wala hapana nyota ing'aayo. Vitako vingine vimetengenezwa visishuke chini ya digrii 15. Dawa ni kuinua mguu wa kaskazini. Tukitaka kushuka digrii 9 zaidi, na umbali kutoka mguu huo hadi mstari wa miguu mingine miwili ni mita moja, tanjiti ya 9 ni 0.16, basi tofali la sentimita 16 latosha. Lakini miguu ipigiliwe isiteleze, na vyuma vya kusawazisha uzito vitazamwe visigonge mguu darubini inapozunguka.

Baada ya hapo twatumia nyota zenyewe. Lenga nyota iliyo karibu na utosi, zima mota ya kaskazini na kusini, uache ile ya kufuata. Nyota ikisogea polepole kuelekea kaskazini au kusini, mhimili umeelekea kushoto au kulia mno. Ugeuze kidogo, mwendo ukipungua, uko katika njia, ukizidi, rudisha. Halafu lenga nyota iliyo chini upande wa mashariki ufanye vivyo hivyo, lakini sasa unachosahihisha ni mwinuko wa mhimili. Njia hii ni ya zamani, yachukua nusu saa, na haihitaji kuona ncha ya mbingu. Walio Ikweta wanafaidika nayo kuliko wengine, kwa sababu nyota za Ikweta ya mbingu hupita juu kabisa, palipo na hewa safi.

Programu tunayoitumia huitwa PHD2, nayo hailipiwi. Kwanza huifundishi chochote; hujifundisha yenyewe. Hukisukuma kitako magharibi, kisha mashariki, kaskazini na kusini, ikitazama nyota imekwenda wapi na kwa kiasi gani. Mafunzo hayo yafanyike karibu na Ikweta ya mbingu, nyota ikiwa juu, maana karibu na ncha nyota huenda mwendo mdogo na programu hudanganyika. Chagua nyota isiyo hafifu mno wala isiyong'aa hata ikajaza pikseli. Siku hizi programu yaweza kufuata nyota kadhaa pamoja na kuchukua wastani, jambo lililo bora. Jihadhari na pikseli mbovu: baadhi hung'aa zenyewe kama nyota, na programu ikishika pikseli mbovu itaona kwamba haisogei hata chembe, nawe utasifu kazi nzuri mpaka uitazame picha. Ukiifunika lenzi na kupiga picha za giza, programu itazijua na kuziruka.

Swali linaloulizwa sana ni muda gani kamera ndogo iachwe wazi. Wengi hudhani kadiri ya haraka ndivyo bora. Sivyo. Hewa hutetemeka, na nyota hurukaruka huku na huku katika nusu sekunde bila darubini kukosea. Programu ikikimbiza kila mruko, itakuwa kama dereva anayekata usukani kwa kila kivuli barabarani. Sekunde 2 au 3 huacha mtetemeko ujifute wenyewe. Kwa sababu hiyo hiyo usiiamuru isahihishe kosa lote kwa mkupuo. Asilimia 70 yatosha.

Nimebakiza wale wenzetu wa picha fupi fupi, na hoja yao si ya kudharauliwa. Picha 240 za sekunde 30 ni saa mbili kamili, sawa na picha 24 za dakika 5. Nuru iliyokusanywa ni ile ile. Walakini kila mara kamera inaposoma kibamba chake huongeza uchafu kidogo, uwe umeiacha wazi sekunde moja au saa moja. Mara 240 si sawa na mara 24. Katika mji mkubwa, ambako taa zimeijaza mbingu mwanga, uchafu huo hupotea ndani ya mwanga wa taa, na picha fupi zafaa kabisa. Laiti shule yetu ingekuwa Kariakoo ningepiga kura pamoja nao. Lakini hapa kwetu taa za bweni zikizimwa saa nne, Njia ya Maziwa huonekana mpaka karibu na miti, na giza kama hilo ndilo linalozifaidi picha ndefu. Kuna shule duniani zenye darubini za fedha nyingi ambazo hazina giza hilo.

Wa darubini kubwa nao nawajibu kwa hesabu ya kwanza. Darubini kubwa yenye fokasi ya milimita 1,500 hupunguza kipimo cha pikseli kuwa nusu, na kombo la parafujo ile ile likawa pikseli 34 mpaka 50. Vistari vya mchele vitakuwa tambi.

Picha ya kwanza ikipatikana, msiandike tu kwamba ni nzuri. Pigeni picha kumi za dakika 5 mfululizo bila kuhama, mpime nyota moja iko pikseli gani katika ya kwanza na katika ya kumi. Ikiwa imehama kuelekea upande mmoja daima, darubini mbili zinaachana, kazeni pete. Ikiwa imeyumba huku na huku, mtazameni upepo, na walinzi wa zamu wasitembee karibu na miguu ya darubini. Baada ya jaribio hilo, kila baina ya picha mbili iamuruni programu isogeze darubini pikseli chache, ili pikseli mbovu zisianguke mahali pamoja. Umande nao ni adui. Kioo cha mbele kifungiwe bomba la karatasi nyeusi, na darubini isifunikwe turubai kabla haijakauka. Betri moja ya gari hutosha usiku mzima, lakini ya pikipiki haitoshi. Vipimo vyote nilivyotaja, pamoja na mchoro wa tofali la mguu wa kaskazini, vimo katika daftari la Chama, kabati la pili la maabara ya Fizikia, na ufunguo uko kwa mwalimu wa zamu.